Seva ya skuli Wete imepotea mtandaoni baada ya kupandishwa Debian 12: eth0 haipo, kuna enp0s31f6

fundi_waya

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba msaada, na nitaeleza kwa urefu ili msipate tabu ya kuniuliza kipande kipande.

Kuna kompyuta ya mezani niliyoiweka mwaka 2021 katika skuli moja huko Wete. Ina kadi mbili za mtandao. Moja imo kwenye bodi yenyewe, ya Intel. Ya pili ni Realtek niliyoichomeka mwenyewe kwenye sloti. Ya Intel inakwenda kwenye modemu, ya Realtek inakwenda kwenye swichi ya chumba cha kompyuta chenye mashine 22. Inagawa intaneti, inatoa anwani kwa mashine za watoto, na inahifadhi vitabu na mitihani ya zamani ili bando lisiishe kwa kushusha kitu kimoja kila siku. Mfumo wake wa uendeshaji ulikuwa Debian 11, aina ya Linux. Miye nipo Mjini, Unguja, na huingia kwa SSH (kuiendesha mashine kwa mbali) kupitia njia ya siri ya WireGuard, iitwayo wg0.

Alkhamisi usiku niliipandisha Debian 12. Toleo hilo limetoka Juni 2023 na nilikuwa nalichelewesha kila likizo. Kazi ilikwenda vizuri. Iliniuliza masuali mawili matatu juu ya faili za mipangilio, nikajibu, ikamaliza. Sikuiwasha upya kwa makusudi, nilitaka Jumamosi maalim awe amekaa mbele yake. Ijumaa mchana umeme ukakatika. Uliporudi mashine ikajiwasha yenyewe, na tangu hapo siioni.

Leo asubuhi maalim wa hesabu, ambaye ndiye anayeshika ufunguo wa chumba, ameacha shughuli zake za nyumbani akenda skuli kwa ajili ya jambo hili. Amechomeka skrini na kibodi, akanisomea kwa simu herufi moja baada ya nyengine. Amri ya `ip -br link` inatoa hivi:

```
lo          UNKNOWN
enp0s31f6   DOWN
enp1s0      DOWN
```

Hakuna eth0 wala eth1, majina ya zamani ya kadi zile mbili. Akiandika `ifup eth0` anaambiwa kifaa hicho hakionekani. Faili la `/etc/network/interfaces` halikuguswa, bado linasema eth0 na eth1 kama nilivyoliandika.

Jumatatu watoto wana mazoezi ya mtihani na karatasi zote zimo ndani ya mashine hiyo. Naweza kupanda boti kesho Malindi mpaka Mkoani, kisha gari kupitia Chake mpaka Wete. Nitakwenda ikibidi. Lakini kama kuna njia ya kuirudisha kwa simu, nifundisheni.

ngalawa7

Waalaykum salaam sheikh. Debian 12 wamezitenga firmware (programu ndogo za kuendeshea vifaa) kwenye fungu lake, linaitwa non-free-firmware. Kama hukuliongeza kwenye sources.list, orodha ya vyanzo vya programu, Realtek inaweza kukugomea. Mimi ningeanza hapo.

fundi_waya

Ahsante ndugu yangu. Niliongeza fungu hilo kabla ya kupandisha. Na ya Intel nayo imekataa, si Realtek peke yake.

mtepe

Firmware tuiweke kando. Kadi zote mbili zimeonekana kwenye `ip link`, maana yake draiva, programu inayoendesha kadi, imezishika. Zingekuwa hazina draiva zisingetokea kwenye orodha kabisa. Kilichobadilika ni majina tu, na faili lako linawaita watu ambao hawaitiki tena kwa majina hayo.

Mwambie maalim aandike `cat /proc/cmdline` akusomee mstari wote, ndio maagizo ambayo mfumo umepewa wakati wa kuwaka. Halafu utwambie: ulipoiweka 2021 ulifanya kitu gani hata Debian 11 ikawa na eth0? Kwa mashine mpya, Debian imeacha majina hayo tangu toleo la 9, mwaka 2017.

fundi_waya

Nimekumbuka. Mwaka 2021 nilitia `net.ifnames=0`, agizo la kubakisha majina ya eth0, kwenye `/etc/default/grub`, faili la mipangilio ya GRUB inayouwasha mfumo, kwa sababu maelezo yote niliyokuwa nikijifunzia yalisema eth0 na sikutaka kujichanganya. Maalim amesoma mstari wote, neno hilo halimo. Sijui limekwenda wapi, sikulifuta.

mtepe

Umelifuta, ila hukujua kama unalifuta. Yale masuali mawili matatu ya Alkhamisi usiku, moja wapo lilikuwa la `/etc/default/grub`. GRUB ya Debian 12 imekuja na faili la mfano lenye mistari mipya juu ya os-prober (inayotafuta mifumo mengine kwenye diski), ikaona lako limehaririwa, ikakuuliza: nibakishe lako au niweke la mtengenezaji? Ukajibu la mtengenezaji. Mwambie maalim aangalie kama lipo `/etc/default/grub.ucf-old`. Hilo ndilo lako la zamani, limewekwa pembeni.

fundi_waya

Wallahi lipo. Na neno limo ndani yake. Amenisomea: GRUB_CMDLINE_LINUX, sawasawa, net.ifnames sawasawa sifuri.

Nimewaza: kwenye menyu ya mwanzo akichagua kerneli (kiini cha mfumo) ya zamani haitorudi kama mwanzo?

mtepe

Haitorudi. Majina haya hayatolewi na kerneli, yanatolewa na udev, programu ya kutambua vifaa, ambayo ni sehemu ya systemd, msimamizi wa huduma za mfumo. Na GRUB ilipojiandika upya imeandika mistari ya kerneli zote, ya zamani na mpya, bila ya neno lako.

Fanya hivi. Maalim aizime mashine aiwashe. Menyu ya GRUB ikitokea abonyeze herufi e. Atauona mstari unaoanza na neno linux. Aende mwisho wa mstari huo kwa kitufe cha End, aache nafasi moja, aandike `net.ifnames=0`, kisha F10. Akikosea hakuharibu kitu, maana mabadiliko ya hapo yanadumu kwa uwashaji mmoja tu. Eth0 na eth1 zitarudi, nawe utaingia kwa SSH kutoka hapo hapo ulipo. Boti isubiri.

fundi_waya

Alhamdulillahi! Nimo ndani. Ilimchukua maalim mara mbili, mara ya mwanzo menyu ilimpita kwa kasi, mara ya pili kaiwahi. Nilikuwa nishakata tamaa, sasa ninamshukuru yeye maalim na wewe mtepe.

Sasa nirudishe neno langu kwenye faili, niandike `update-grub`, nimalize?

mtepe

Ukifanya hivyo leo skuli itafanya kazi na Jumatatu watoto watasoma. Lakini sikushauri ukae hapo, na nataka nikueleze kwa nini, maana jambo hili limenitesa miaka.

Eth0 maana yake ni aliyewahi. Kerneli inapoamka inazikuta kadi, inayojitokeza mwanzo inapewa sifuri, ya pili inapewa moja. Kama watu wanavyoingia kwenye boti isiyo na namba za viti. Siku zote unamkuta mzee yule yule kwenye kiti cha mbele kwa kuwa anawahi, ukadhani kile kiti ni chake. Siku akichelewa, anakaa mtu mwengine. Draiva siku hizi zinapakiwa kwa pamoja, si kwa foleni, kwa hivyo kuchelewa kunatokea. Na wewe una kadi mbili za draiva mbili tofauti, e1000e na r8169. Siku Realtek ikitangulia, modemu na swichi zimebadilishana majina, na anwani za watoto zinaanza kugawiwa upande wa mtoa huduma.

Ndiyo systemd toleo la 197, Januari 2013, ikaleta majina haya marefu. Yana mpango wake ukiyasoma pole pole. En ni ethaneti, wl ni ya hewani, ww ni modemu ya simu. P ni namba ya basi ya PCI (njia ya vifaa ndani ya bodi), s ni sloti, f ni sehemu ya ndani ya kifaa. Enp1s0 ni ethaneti, basi 1, sloti 0. Ukiona eno1, o ni ile iliyomo kwenye bodi, kwa namba iliyotolewa na BIOS.

Jambo moja linalowababaisha wengi: `lspci`, amri ya kuorodhesha vifaa, itakuonesha Intel yako ipo 00:1f.6, na wewe unatafuta 31 huioni. Ni ile ile. Lspci inahesabu kwa kumi na sita, jina linahesabu kwa kumi. 1f ni 31. Kwa hiyo enp0s31f6.

Sasa hilo nalo lina kasoro yake. Ni kumwita mtu kwa nyumba anayokaa. Nilikuwa na mashine ya mteja mmoja hapa Unguja, kadi yake enp2s0. Nikaongeza diski ya NVMe, nikaiwasha, kadi imekuwa enp3s0. Sikuigusa kadi hata kwa kidole. Diski mpya ilichukua namba ya basi, kila aliyekuwa nyuma yake akasogea. Mtaa umejengwa nyumba mpya na namba za milango zimebadilika.

bintikonde

Kwa hiyo tukimbilie wapi? Eth0 haiaminiki na enp haiaminiki?

mtepe

Tumwite kwa nasaba, dada yangu. Ukisimama bandarini Mkoani ukaita "Juma!" wanageuka watu kumi. Ukitaja na baba yake na babu yake anageuka mmoja. Kadi nayo ina anwani ya MAC iliyochomwa kiwandani. Unaandika faili dogo la link, unasema kadi yenye MAC hii iitwe jina hili, ukaiweka sloti yoyote unayotaka.

fundi_waya, kwa kila kadi andika faili lake ndani ya `/etc/systemd/network/`. Mfano `10-nje.link`:

```
[Match]
PermanentMACAddress=00:00:5e:00:53:01

[Link]
Name=nje0
```

Na `10-ndani.link` kwa Realtek, `Name=ndani0`. MAC hapo juu ni ya mfano tu, yako utaipata kwa `ethtool -P eth0`. Tumia PermanentMACAddress, usitumie MACAddress peke yake, kwa sababu daraja au VLAN (kadi za kubuni juu ya kadi halisi) ukija kuziweka zinaweza kurithi MAC ile ile na faili likazishika nazo.

Jina la faili lianze na namba ndogo. Udev inasoma kwa mpangilio wa majina, faili la mwanzo linalolingana ndilo linalofanya kazi, na la mfumo wenyewe linaitwa `99-default.link`. Jina la kadi lisizidi herufi 15. Na usiiite eth0 wala eth1! Kerneli nayo inayagawa majina hayo wakati ule ule, udev itataka kumpa mmoja jina ambalo mwenzake kashalishika, itakataliwa, na kadi itabaki na jina usilolitarajia. Chukua jina ambalo kerneli haiwezi kulitoa.

Ukimaliza andika `update-initramfs -u`. Wengi wanaisahau. Udev inafanya kazi mara mbili wakati wa kuamka, na mara ya mwanzo imo ndani ya initramfs, kifurushi kidogo cha kuamshia mfumo, ambayo haioni faili lako jipya mpaka uijenge tena.

ngalawa7

Haya majina ya nje0 na ndani0 nimeyapenda. Yanakubalika kweli?

mtepe

Yanakubalika. Kerneli haijui Kiingereza wala Kiswahili, inataka herufi fupi zisizo na nafasi wala mkwaju. Na yana faida nyengine: aliyeko mbele ya mashine anajua waya upi ni upi.

bintikonde

Na mtu asiyejua kadi ipi ni ipi? Mie nina mashine yenye matundu manne yanayofanana.

mtepe

Kuna `ethtool -p` ikifuatiwa na jina la kadi na idadi ya sekunde, taa ya tundu inapepesa. Si draiva zote zinazoikubali. Njia isiyokataa ni kuandika `ip monitor link`, kisha unachomoa waya mmoja. Kadi itakayotajwa kwenye skrini ndiyo hiyo. Andika jina lake kwenye plasta, bandika juu ya tundu.

fundi_waya

Narudi na khabari, nzuri na mbaya.

Niliandika mafaili mawili kama ulivyosema. Nikabadilisha `/etc/network/interfaces` yakawa nje0 na ndani0. Nikajenga initramfs. Kabla ya kuwasha upya nikajaribu `udevadm test-builtin net_setup_link /sys/class/net/eth0`, ikanijibu kwamba faili litakalotumika ni 10-nje.link. Nikamwomba maalim abaki hapo hapo, nikaiwasha upya.

Imerudi. Nje0 ipo, ndani0 ipo, nimeingia kwa SSH. Lakini maalim anasema mashine za watoto hazipati anwani, na hata aliyoiandikia anwani kwa mkono haifiki intaneti. Seva yenyewe inafika. Nimetazama kumbukumbu, nimekuta dnsmasq, inayogawa anwani, imesimama, inalalamika haiijui eth1. Hiyo nimeirekebisha na anwani sasa zinatoka. Intaneti bado. Na hakuna kinacholalamika popote.

mtepe

Faiwoli. Unatumia nftables, ile inayochuja pakiti? Nioneshe mstari wa kupitisha na wa masquerade, unaozificha mashine za ndani nyuma ya anwani ya seva.

fundi_waya

```
iifname "eth1" oifname "eth0" accept
oifname "eth0" masquerade
```

Nimeshaona. Subhanallah.

mtepe

Hapo ndipo panapowamaliza wengi, kwa hivyo nitapakalia kitako.

Dnsmasq ilipiga kelele ikaanguka, ukaiona. Nftables ilikaa kimya. Neno iifname linalinganisha maandishi tu: pakiti ikifika, linauliza, imeingia kwa jina "eth1"? Kama hakuna eth1 duniani, jibu ni hapana kila mara, pakiti inateremka mpaka chini na sera yako ya chini ni drop, yaani kutupa. Kanuni zimepakiwa vizuri, huduma ni ya kijani, `nft list ruleset` inaonesha kila kitu mahala pake. Lipo neno jengine, iif bila ya name. Hilo linatafuta namba ya kadi wakati wa kupakia kanuni, na kadi isipokuwepo kanuni zote zinakataliwa kupakiwa. Ni kali, lakini angalau utajua. Mimi kwa kadi zinazokuja na kuondoka, kama wg0, natumia iifname kwa sababu sina budi.

Wewe umebahatika kwamba SSH yako inaingia kwa wg0, jina ambalo halikubadilika. Mtu ambaye kanuni yake ya SSH imeandikwa kwa jina la kadi, angekuwa nje ya mlango sasa hivi, na seva iko hai inapumua.

Usitafute kwa macho. Andika:

```
grep -rnwE 'eth0|eth1' /etc
```

Kisha rudia kwenye `/usr/local` na `/root`, pale tunapoweka skripti zetu za usiku.

fundi_waya

Pahala sita kwa jumla. Interfaces na dnsmasq nilishazibadilisha. Zilizobaki: nftables, faili la sysctl (mipangilio ya kerneli) lenye mstari wa `net.ipv4.conf.eth0`, skripti ya kupima bando, na mipangilio ya vnstat (inayohesabu matumizi ya mtandao). Ile ya sysctl nisingeikumbuka mpaka mwaka wa pili.

Watoto wana intaneti. Maalim amefungua ukurasa kwenye mashine ya mwisho kabisa, iliyo karibu na dirisha, na umefunguka.

bintikonde

Mashaallah. Na mimi suali langu: ofisini kwetu tunatumia modemu mbili za USB za mitandao miwili ya simu, ili mmoja ukianguka tushike wa pili. Zinatokea kama enx na herufi nyingi. Moja tu ndiyo inayopata jina hilo, ya pili inakuja na jina jengine kila siku. Hii nayo niishike kwa MAC?

mtepe

Hapana, na umeuliza suali zuri. Enx ikifuatiwa na herufi 12 ni MAC yenyewe imefanywa jina. Ziko modemu za USB ambazo zote zinatoka kiwandani na MAC moja ile ile, kwa kuwa ile kadi unayoiona ni ya kuigiza ndani ya modemu. Ukichomeka mbili ni mapacha wenye jina moja. Hizo nasaba haikusaidii, rudi kwenye nyumba: ndani ya `[Match]` andika `Path=` kwa njia ya tundu la USB. Utaipata kwa `udevadm info` juu ya kadi hiyo, mstari wa ID_PATH. Halafu mkubaliane ofisini kwamba modemu ya kila mtandao haihamishwi tundu lake. Rangi ya kucha kwenye tundu moja inatosha.

ngalawa7

Na mimi ninayo mashine ya mbali, ipo Mkoani, bado Debian 11 na eth0. Nianzie wapi kabla sijapandisha?

fundi_waya

Nikujibu mimi, maana ndiye niliyepita njia hiyo jana na leo.

Anza na mafaili ya link ukiwa bado kwenye Debian 11. Systemd yake ni 247, inaielewa PermanentMACAddress. Na `Name=` inafanya kazi hata kama `net.ifnames=0` bado ipo, nimeliona hilo kwa macho. Piga ile grep, badilisha pahala pote, jenga initramfs, iwashe upya, ihakikishe kwa siku kadhaa. Hapo ndipo upandishe toleo. Ukitaka kujua ingepewa jina gani bila ya faili lako, `udevadm test-builtin net_id /sys/class/net/eth0` inakwambia mapema. Mimi nimeongeza na majina hayo kwenye interfaces kwa `allow-hotplug`, yenye mipangilio ile ile ya nje0. Kama faili la link litapotea siku moja, kadi ikiamka kwa jina la enp0s31f6 bado itapata anwani. Allow-hotplug haijali kama kadi haipo, neno auto ndilo linalolalamika.

Na ikikuuliza faili lako au la mtengenezaji, usijibu kwa usingizi. Ina chaguo la kukuonesha tofauti ya mafaili mawili. Lisome.

mtepe

Na awepo mtu kwenye kibodi, ngalawa7. Usipandishe Alkhamisi usiku.

fundi_waya

Naam, hilo ni kweli, na nalikubali.

La mwisho kutoka Wete. Nimemwomba maalim aizime mashine kwenye soketi kabisa, ahesabu mpaka kumi, aiwashe, kama umeme ulivyofanya Ijumaa. Amefanya mara tatu. Mara zote nje0 na ndani0, na chumba kizima kimepata anwani bila ya mtu kugusa kitu. Amenitumia picha ya skrini, na chini yake ameandika kwamba sasa hata yeye anaweza kuisoma. Amekwisha kubandika plasta mbili nyuma ya mashine, NJE na NDANI, kwa kalamu nyekundu.

ngalawa7

Nimepiga grep ya Mkoani. Pahala tisa! Moja imo ndani ya skripti niliyoiandika 2019 na nilikuwa nimeshaisahau. Jumamosi ijayo kijana wa zamu atakuwepo mbele ya mashine, naanza na mafaili ya link.